Usiingie Kona na Free

Arusha, 4 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko Mpanda? Mgongo wa mama umepoa? Mimi mzima, ila kiwiko kimechubuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Nimeanguka tena na pikipiki ya mbio, kona ile ile ya kushoto mwisho wa mnyooko. Kocha wetu, dada Fausta, amepiga kelele uwanja mzima: “Zaitun, unaingia kona na free!” Ni kweli, baba. Mguu wenyewe unatafuta free, pale injini haivuti tairi, kama tulivyokuwa tunateremka tukitoka Usevya na magunia ya mchele ili kuokoa mafuta. Basi pikipiki inakosa cha kuishika, nashtuka, nabana breki kwa nguvu, nipo chini.

Timu ina nafasi moja tu, na mbio za kuigombania ni Juni mosi. Nikianguka tena nafungasha.

Mwanao, Zaitun

Mpanda, 10 Mei 2025

Mwanangu Zaitun,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Pole na kiwiko.

Huyo Fausta amenikera! Free nimekufundisha mimi, na sijawahi kusukuma pikipiki kwa kuishiwa mafuta. Mwambie. Kama hawezi kukufundisha, rudi nyumbani, duka la spea halina mtu.

Baba yako, Mikidadi

Arusha, 15 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Sijamwambia, nitafukuzwa!

Huku hatubebi mchele, tunakimbizana. Anataka nianze breki mapema pikipiki ikiwa wima, niibane ya mbele taratibu, nishushe gia moja moja, na kila gia nipige resi kidogo kabla ya kuachia klachi. Akili inaelewa, mguu unagoma. Tairi la nyuma linarukaruka. Jana nimelia ndani ya helmeti. Natamani ungekuwa hapa.

Zaitun wako

Mpanda, 25 Mei 2025

Mwanangu,

U mzima? Sisi tupo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa barabarani.

Nimempakia mama yako nyuma, tunaenda Kakese na kurudi, najaribu hayo mambo ya Fausta. Nikibana breki ghafla, ananigonga kichwa mgongoni. Nikiachia klachi bila resi, ananigonga tena na matusi juu. Siku ya kwanza alishuka, akasema bora atembee!

Jana sasa. Nimeanza breki mapema, polepole, nikashusha ya nne, ya tatu, ya pili, resi kidogo kila gia. Injini yenyewe ikaishika pikipiki. Kona ya darajani tumeipita mama yako akinisimulia harusi ya jirani yetu Joséline, wala hakukata neno!

Basi na wewe, kwa mawazo tu, mpakie mama yako nyuma. Akinyamaza, umekosea.

Ila mafuta yanaliwa. Hilo silifuti.

Baba yako

Arusha, 1 Juni 2025

BABA!

Shikamoo, shikamoo! Mimi mzima kabisa, sina hata mchubuko!

Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili. Mbele yangu Happiness, yule ambaye hajawahi kushindwa hapa. Tukaifikia kona yangu. Mimi nikaanza breki mapema, watu wakadhani nimeogopa. Taratibu, gia moja, resi, gia nyingine, resi, na mama nyuma anaongea tu! Happiness akachelewa, akabana kwa pupa, pikipiki ikayumba, akatoka nje ya mstari. Nikapita kwa ndani nikiwa tayari nimefungulia mafuta. Hakunifikia tena mpaka mwisho.

Wa kwanza, baba! Nafasi ni yangu! Dada Fausta amenibeba mgongoni.

Zaitun, bingwa wenu

Mpanda, 7 Juni 2025

Bingwa wangu,

Marahaba, marahaba nyingi. Barua yako nimeisoma kwa sauti kijiweni, bodaboda wote wakataka nirudie pale kwenye kona. Mmoja wao, Marselino, alipiga honi mpaka mama ntilie akatoka na mwiko. Mama yako anasema kazi yake imekwisha, hapandi tena pikipiki.

Zaitun, nilitaka urudi. Nilisingizia duka, lakini nyumba imepoa bila wewe na nilikukumbuka mno. Sasa nakwambia mimi mwenyewe: usirudi. Kimbia, mwanangu. Ukija Mpanda, uje mgeni, tukuchinjie kuku.

Baba wa bingwa, Mikidadi