Mke Wangu Amepewa Nafasi ya Malkia, Nifanyeje?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uniwahishie jibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo ukumbi wa maigizo unatangaza majina ya wasanii, na nikifika siku hiyo bila jibu sijui uso wangu nitauweka wapi, na tafadhali sana usicheke, kwa sababu watu wa nje wakisikia habari za mashabiki wa jukwaa huanza kucheka kabla hata hawajaelewa.

Mimi ni mtu mzima, nina duka la mapazia, nina mke na binti mmoja aliyeko bweni, na ni mwenyekiti wa kundi la mashabiki linaloitwa Viti vya Mbele, ambalo si kundi la wapiga soga, sisi ule ukumbi tunaujua kuliko wanaolipwa mshahara pale, na lile pazia kubwa jekundu unaloliona likifunguka lilishonwa dukani kwangu, kwa hiyo nikisema jambo la jukwaa sibahatishi.

Sasa ule mchezo wa "Mama Mwenye Nyumba" unarudishwa, na kama hukuwahi kuuona pole sana, ni mchezo wa nyimbo toka mwanzo hadi mwisho, kuna mjane ana nyumba ya kupangisha, wapangaji wanamhama mmoja mmoja, na karibu na mwisho anakaa peke yake kwenye ngazi anaimba, na huo wimbo wa ngazini ndio unaowafanya watu wazima watafute leso. Ulipochezwa mara ya kwanza, mimi nikiwa kijana, aliyeimba alikuwa yule tunayemwita Malkia, na tangu hapo kwetu sisi hakuna mwingine. Habari za kurudishwa zilipotoka tulishikwa na homa, kila siku kwenye kundi ni nani atapewa, nani kaonekana akiingia mlango wa wasanii, nani ameacha ghafla kunywa vitu baridi, na msimamo wetu ulikuwa mmoja tu, apewe Malkia mwenyewe, umri si hoja.

Basi ule ukumbi una mtindo wao, nadhani ni wa kututesa, kabla ya kutaja majina hubandika bango lenye kivuli cha mhusika mkuu, mgongo tu, uso hakuna, ili watu wakisie. Bango lilipotoka niliacha wateja dukani nikaenda kusimama mbele yake. Hakuwa Malkia! Ni mwanamke amesimama, mkono kiunoni, bega moja limeshuka, shingo imeinama kidogo, nikahisi damu inanichemka, nikaandika kwenye kundi, na naomba nikunukulie maana hapo ndipo nilipojipalia makaa: "Ndugu zangu, huyu si msanii. Msanii hasimami hivi. Shingo hii haijawahi kuona taa za jukwaa. Huyu anasimama kama mtu anayesubiri birika lichemke. Wametuokotea mama wa jikoni." Wakashangilia, wakasambaza, yakafika mpaka kwenye makundi ya watu tusiowajua, na katibu wetu, ambaye tunamwita Spika kwa sababu ya mdomo wake, akasema kulalamika hakutoshi. Mimi nikatoa wazo, sitamsingizia mtu, wazo ni langu: siku ya onyesho la kwanza, wimbo wa ngazini ukianza, Viti vya Mbele wote tusimame, tugeuke, tumpe migongo mpaka amalize. Tiketi tumeshakata, safu nzima ya mbele ni yetu.

Juzi nimekaa mezani, mke wangu anapanga sahani, mimi namsimulia mpango wa migongo huku nacheka, akaniuliza, "Yale maneno ya shingo isiyojua taa za jukwaa, ni wewe uliyeandika?" Nikasema ni mimi, tena kwa fahari. Akavuta kiti akakaa. Akasema, "Shingo ni yangu."

Mshauri, nilidhani utani. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea! Kumbe zile semina alizokuwa akiniaga kwamba anakwenda jioni ni usaili, halafu mazoezi, anasema mwongozaji alimtafuta mwenyewe, kwa sababu zamani kabla hatujaoana alikuwemo kwenye mchezo huo huo ulipochezwa mara ya kwanza, ila si mtu wa kutajwa, alikuwa mmoja tu wa waitikiaji wa nyuma, wale wanaocheza wapangaji, na ndivyo tulivyokutana, nilikuwa nje ya mlango wa wasanii kwenye mvua namsubiri Malkia aniandikie jina kwenye picha, yeye akatoka kwanza, nikamuuliza Malkia anatoka saa ngapi, akasema bado kidogo, akaniachia mwavuli wake, akaondoka analowa. Tulipooana aliacha mambo ya jukwaa na sikumbuki kama tuliwahi kuyazungumza. Anaimba jikoni, ndiyo, lakini nani haimbi jikoni, na mara nyingi mimi humwomba apunguze sauti kwa sababu nakuwa nasikiliza santuri ya Malkia.

Hakunigombeza, na hicho ndicho kinachonitisha. Alisema tu kwamba siku ya usaili alikuwa kwenye korido anasubiri kuitwa, mpiga picha akampiga picha kwa nyuma bila yeye kujua, na ndiyo hiyo iliyobandikwa, halafu akasema chakula kinapoa. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, ananiaga vizuri, ila jikoni haimbi tena, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji.

Sasa kundi halijui. Nikiwaambia, Spika atanitafuna mzimamzima na uenyekiti umekwenda, nisipowaambia, watamgeuzia migongo mke wangu mbele ya umati na mimi nimo katikati yao. Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, nimwombe kwa upole, kwa ajili ya amani ya nyumba, airudishe nafasi aseme anaumwa, ili apewe Malkia na kila mtu afurahi. Ya pili, siku hiyo niumwe mimi. Ipi unaiona bora? Na ukiniruhusu kusema ukweli, mshauri, hata kama ni mke wangu na nampenda, bado naona Malkia alistahili zaidi.

Ni mimi,
Mwenyekiti wa Viti vya Mbele

*

Mwenyekiti,

Uliniomba nisicheke. Nimecheka. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia kulikoni, nikampa barua yako asome, naye akaangua kicheko. Tulipofika pale pa friji tukaacha wote wawili.

Tuanze na huo utaalamu wako unaojivunia. Unajua nani kaingia mlango gani. Unajua nani ameacha vinywaji baridi. Halafu mkeo, mama wa binti yako, anabandikwa barabarani ukubwa wa mlango, unawaacha wateja wamesimama, unakwenda kumkodolea macho kama hakimu, na humjui! Mgongo huo unaupita kila asubuhi ukitafuta soksi zako. Bega hilo limeshuka kwa kubeba vitoto vya watu chekechea mchana na vikapu vyako jioni. Wewe ukaona shingo isiyojua taa. Na hilo pazia, ndugu yangu, liache lipumzike. Kama kushona pazia kunampa mtu mamlaka juu ya jukwaa, basi hata aliyeuza misumari ya viti apewe kipaza sauti.

Hebu nikuulize. Uliuona mchezo ule wa kwanza mara ngapi? Hukusema, lakini watu wa aina yako nawajua, hamwendi mara moja. Basi kila ulipokwenda mkeo alikuwa mbele yako, anaimba, na wewe umemtolea macho Malkia. Akatoka nje akakukuta unalowa, ukamuuliza habari za mwenzake. Akakupa mwavuli. Mimi ningekupa kitu kingine kabisa. Na baada ya yote hayo akakubali umwoe, jamani, moyo wa mama huyo umetengenezwa na nini?

Tena angalia ulivyoandika: "Sikumbuki kama tuliwahi kuyazungumza." Huandiki kwamba hakuwahi kusema. Unaandika hukumbuki. Bila shaka alisema, santuri ikiwa inaimba.

Malkia mwenyewe simgusi. Ni mama wa watu anajipumzikia, hajakutuma, hajakuomba umpiganie, wala hakujui. Ukikutana naye leo atadhani wewe ni mwonyesha viti, atakupa tiketi yake. Na huko ndiko ulikopeleka masikio yako miaka yote hiyo.

Sasa njia zako mbili. Zote ni za kuumwa, na kweli nakubali kuna mgonjwa hapo nyumbani. Hiyo ya kwanza usithubutu hata kuitamka. Mtu ameziimbia sufuria miaka na miaka, tena kwa sauti ya chini ili asikukere, amepewa ngazi moja ya kukaa aimbe mpaka mwisho, unataka ateremke ili wewe usitaniwe na Spika? Hiyo unayoiita amani ya nyumba ni kiti chako cha uenyekiti, hakuna kingine. Na ya pili ni uoga mtupu. Unawasha moto kwa mikono yako, halafu siku ya kuungua nyumba unajitia homa.

Lakini nikupe haki yako, kuna kitu kimoja ulikiona sawasawa. Ni kweli anasimama kama mtu anayesubiri birika lichemke. Birika la nani, Mwenyekiti? Chai hiyo anakunywa nani, miguu juu ya kiti, anaomba watu wapunguze sauti? Na mchezo wenyewe unaitwa "Mama Mwenye Nyumba", mlimtaka malkia wa kazi gani? Mwongozaji alitafuta mwanamke anayejua inakuwaje watu wa nyumba kukuhama wakiwa bado wamo ndani. Amempata kwako.

Haya, sikiliza, na usinijibu.

Leo hii, si Jumamosi, andika kwenye kundi: kivuli kile ni cha mke wangu, nilimtukana bila kumjua, wazo la migongo lilikuwa langu na nimelifuta. Ishia hapo. Usiweke "hata hivyo", usiweke habari za Malkia kustahili. Spika akikutafuna, utafunike. Kiti wakikichukua, wape na funguo. Ila muulize kwanza mkeo kama yuko radhi jina lake litoke kabla ukumbi haujatangaza. Akisema hapana, waambie makosa ni yako na mpango umekufa, yaliyobaki watayasikia Jumamosi pamoja na wengine, nawe siku hiyo uwe wa kwanza kusema "ni wangu huyo, na nilikuwa mjinga".

Yeye mwenyewe usimpelekee zawadi. Usimwambie "si ungeniambia". Santuri itie kwenye sanduku. Ingia jikoni, teleka birika wewe, simama ulisubiri lichemke ujue kazi yenyewe ikoje, mpelekee chai alipo, umwombe msamaha kwa maneno yanayoeleweka. Kisha umuulize katika ule mchezo wa kwanza alikuwa mpangaji wa chumba gani, alivaa nini, aliimba nini, na ukishauliza ufunge mdomo. Inawezekana akakujibu na inawezekana asikujibu siku hiyo, na huna haki ya kununa. Siku atakapoanza tena kuimba jikoni usiseme kitu, hata "vizuri" usiseme, maana hakuna aliyekuomba tathmini.

Siku ya onyesho nenda, kaa kwenye kiti chako kile kile. Yawezekana wamo wenye vichwa vigumu watakaokaidi. Ngazi ikiwashiwa taa, Spika na wenzake wakasimama wakageuka, wewe kaa. Uso wako peke yake katika safu ile uwe umeelekea kwake. Akitupa macho chini atamwona mtu mmoja, na si lazima umtabasamie, mtazame tu, kwa mara ya kwanza tangu muoane.

Likiisha usikimbilie nyuma ya jukwaa kujitangaza kwamba wewe ndiye mume. Toka nje, nenda mlango wa wasanii, simama pale pale uliposimama ukiwa kijana. Waitikiaji watatoka kwanza. Wapongeze, mmoja mmoja, na usimuulize yeyote kati yao mhusika mkuu anatoka saa ngapi. Msubiri. Na mvua inyeshe isinyeshe, nenda na mwavuli wake.