Shangazi Amzima Baba Mdogo Madhabahuni

Angela, acha unachofanya usome hii. Tumetoka kanisani sasa hivi!

Si shangazi Thacienne alimwombea baba mdogo Arcade nafasi ya kutoa ushuhuda? Mchungaji, akijua Arcade anagombea udiwani, akamwambia shangazi mbele ya kwaya nzima: "Akigusa siasa tu, uongozi wa kwaya unauacha leo leo."

Baba mdogo akaanza vizuri, jinsi mguu wake ulivyopona. Machozi kabisa. Halafu akasema, "Na mguu huu huu ndio utakaowafuatilia maji ya kata yetu, Kasokola, mkinipa udiwa..."

Hakumaliza. Angela, hakumaliza!

Shangazi alipaza pambio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kwaya ikadaka, ngoma zikaitikia, kanisa zima likasimama.

Mwenyewe akadhani anashangiliwa! Akaacha maiki, akacheza kwa mguu ule ule mpaka kwenye benchi lake.

Nje akamkumbatia shangazi. "Dada, asante kwa kunipigia kampeni."

"Nimekuzima, Arcade. Kura yangu njoo uiombe sokoni kama wenzako."

Kumbe mchungaji yuko nyuma yao. Shangazi akanywea.

"Mama kwaya," mchungaji akasema, "pambio hilo mlishike vizuri. Jumapili ijayo mgombea mwingine ameomba ushuhuda."