Meno ya Ami Zahor Kwenye Boneti

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ami Zahor leo kanipa sharti. Miaka mitatu napaka boti rangi hapa Utende, na miaka mitatu namwomba anichukue gereji kwake Kilindoni nipulize magari rangi. Anasema boti ni boti, gari linataka mng'ao wa kioo. Basi nimpelekee kile kigari changu cha plastiki cha kuunganisha vipande, king'ae mpaka ahesabu meno yake kwenye boneti. Nikiweza, kazi ninayo. Nikishindwa, nisimtajie tena gereji. Meno yenyewe yamebaki mangapi! Nimekubali.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Nyekundu ilikaa vizuri, tabaka tatu nyembamba. Nikapuliza klia, ile vanishi isiyo na rangi, juu yake ili ing'ae — ikatoka vitundu vitundu kama chapati ya maji. Nimelia, sisemi uongo. Kumbe asubuhi nilimsuka mdogo wangu Sabra, mafuta ya nazi mpaka viwikoni, nikajifuta kwenye kanga nikashika kigari. Rangi na mafuta wapi na wapi! Mama anauliza nani kafa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimesugua chote hadi plastiki. Mikono nimeiosha kwa sabuni ya unga. Nyekundu upya. Hasira tele.

Ijumaa, 8 Agosti
Klia nimepulizia bafuni. Nimemwaga maji sakafuni vumbi litulie, nikafunga mlango. Mama kagomba: watu wanataka kuoga waende kuswali, mie nimefungia bafu kigari! Nikamwomba radhi humo humo ndani. Lakini klia imelala sawa! Hakuna hata kitundu kimoja. Sikigusi mpaka kikauke kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti
Msasa wa maji, namba elfu mbili. Mng'ao wote ukafa, kigari kikawa cheupe cheupe. Kisha polishi, kitambaa laini, taratibu, taratibu — dirisha letu likatokea kwenye boneti kama kwenye kioo! Na mie ndani yake, na mtandio wangu! Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumanne, 12 Agosti — gereji, saa tano
Ami kakipeleka kwenye mwanga, kafungua mdomo, kahesabu. Kumi na moja. Nikamwambia kumi na mbili, kuna moja huku nyuma. Alicheka hadi akakohoa. "Haya mwanangu, chukua barakoa."

Nimeweza! Nimeweza!

Sasa Mwalimu Taufiki kaleta pikapu yake ipakwe rangi. Kauliza fundi nani. Ami kaninyooshea kidole. Mwalimu akasema asitaniwe. Ami kamjibu hana fundi mwingine, kama hataki aivushe bahari aipeleke Dar.

Naandika nimekaa juu ya tairi. Mwalimu kazunguka pikapu mara mbili. Kakiinamia kigari changu, kavua miwani, kakiinamia tena. Katoa funguo mfukoni. Ami kanyoosha mkono azipokee — Mwalimu kampita. Anakuja huku kwangu —