Mkono Uliobaki Kifuani

Mwalimu,

Nimeketi kwa ile benchi uliyoipigilia misumari mwenyewe, hapa Kianjokoma, mvua ikigonga mabati ya ukumbi. Tangu tukuzike, kila asubuhi nasikia miguu yako. Nikifungua mlango nifagie kabla watoto hawajaja, naisikia: hatua tatu zikiteleza juu ya simiti, halafu kimya. Mimi nimeokoka, unanijua, mambo ya mizimu siyaamini. Lakini nasimama na ufagio mkononi, nikingoja sauti yako iseme, "Tena."

Najua unachouliza.

Ulipotoka kwenu Vietnam kuja kufunga mashine za kiwanda cha majani chai, wenzako walimaliza wakarudi. Wewe ukabaki na goti lako bovu na watoto wetu. Unakumbuka akina mama wa soko wakichungulia dirishani? "Njeru, mzee mzima, unacheza densi na Mchina?" Ukawajibu mguu ukiwa hewani: "Mimi si Mchina, mama. Na hii si densi, ni mapigano ya kujikinga ya kwetu. Lakini karibu, viatu vua." Nilicheka mpaka nikaanguka. Ukasema, "Tena."

Na kabla ya mazoezi, kila siku, mkono wa kulia kifuani, tunainamia picha ya mwalimu wako. Ulisema mkono ni chuma, lakini chini yake kuna moyo. Tusisahau cha chini.

Ulipolazwa Embu, wazee wenzangu wa kanisa waliniita. Ukumbi ni wa kanisa, wakasema, na hiyo picha mnaiinamia kama sanamu. Itoke, ama mazoezi yafungwe. Sikubishana, Mwalimu. Hata kuwaeleza sikuwaeleza. Niliitoa ukutani, nikaifunga kwa gunia, nikaificha stoo nyuma ya madebe ya kahawa. Halafu nikakuletea uji. Ukanishika mkono ukauliza, "Picha ya mwalimu wangu iko?"

Nikasema iko.

Ukatabasamu, ukafunga macho. Kesho yake ukatuacha. Na mimi ndiye nasomesha watoto amri kumi kila Jumapili.

Wiki jana Wawira, binti yangu, ndiye anafundisha sasa, aliingia stoo kutafuta gunia. Akatoka ameibeba ile picha. "Baba, huyu si mwalimu wa Mwalimu?" Unyevu umemla, Mwalimu. Uso wote umeenda, umekuwa mweupe kama maziwa. Kilichobaki ni mkono, kifuani.

Jumapili nilisimama mbele ya wazee nikasema yote, hata ule uongo wa kitandani. Nikawaambia tukiinama hatuabudu, tunashukuru. Mmoja akaniuliza, "Njeru, sasa umekuja kutupiga teke?" Wakacheka kidogo. Bado hawajaamua. Wakikataa, mazoezi yatahamia kwangu, pale tunaanikia kahawa, karibu na kaburi lako. Picha sitaificha tena.

Udi, kama mnavyowawashia wafu kwenu, sitawasha, hapo univumilie. Lakini kila mwaka, siku uliyoondoka, nitapika wali, nitafagia, na watoto nitawaambia nyinyi wawili ni akina nani, na ni nani aliyeificha picha.

Kesho nikizisikia zile hatua tatu sitasimama mlangoni. Nitauweka ufagio chini, nizifuate, hata nikianguka.

Pumzika kwa Mungu, Mwalimu wangu. Nimeitundika leo mahali pake, na yako kando. Picha ya mwalimu wako iko.

Leo ni kweli.

Njeru wako