Kwa Nini Baba Hajazi Tena Ndege Mafuta

Naivasha,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kaka yangu Obura,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Baba, na za kuku wetu waliosalia baada ya mwewe kujichagulia wake. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Wewe je, hali yako huko Lodwar? Joto limepungua hata kidogo? Na yule mwalimu mwenzako aliyekuwa amelazwa, ameshatoka hospitali? Huku kwetu baridi imezidi. Asubuhi ukungu unatoka ziwani unakuja hadi mlangoni kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Unakumbukwa sana katika maombi, hasa na mama Linah wa kwaya, ambaye bado anaamini utarudi umwoe mpwa wake.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Lakini ukipiga simu, Baba huiweka sauti kubwa na kukaa papo hapo, na wewe kaka, nisamehe, huanza kufoka kabla mtu hajamaliza kusema. Barua haikatizwi. Nimempa Kemboi, dereva wa lori la viazi vya Molo, maana anakuja huko wiki hii na ameapa atakukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Ni habari ya Baba na kazi. Wewe uliondoka nyumbani kabla sijaanza kufanya kazi naye pale kwenye uwanja mdogo wa ndege, kwa hiyo acha nikueleze kidogo, la sivyo hutaelewa kilichotokea.

Pale kwetu tunaweka aina mbili za mafuta. Kuna Avgas, ambayo ni petroli ya ndege ndogo zenye injini za plagi kama za gari, nayo hutiwa rangi ya buluu ili ijulikane. Halafu kuna Jeti, ambayo ni ndugu ya mafuta ya taa, haina rangi, na harufu yake ni ile ile ya koroboi ya nyanya. Ukiiweka Jeti kwenye ndege ya Avgas, ubaya wake ni kwamba hakuna kinachoharibika hapo hapo. Injini inawaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija, ndege inakimbia, inapaa, na ikishakuwa juu ya miti ndipo injini inakufa. Viwanja vikubwa vina magari ya mafuta yenye paipu za midomo tofauti, ili ya Jeti isiingie kwenye tangi la Avgas. Sisi tulikuwa tunapampu kwa mkono kutoka kwenye mapipa, na paipu zote zilikuwa sawa. Kinga yetu ilikuwa macho ya mtu.

Na macho hayo yalikuwa ya Baba. Laiti ungemwona akinifundisha! Hakukubali niguse pampu kabla rubani hajatamka kwa mdomo wake anataka mafuta gani. Aliniambia nisiulize ndege inaitwaje, niulize inakunywa nini. Kisha nisome maandishi kwenye pipa kwa sauti, nisome na yaliyo kwenye bawa kwa sauti, hata kama niko peke yangu na punda milia tu ndio wananisikiliza. Mwisho nichote kidogo kwenye chupa safi, niinue juani nione rangi. Marubani walimtania kwamba anasali rozari. Yeye alijibu kwamba kosa la fundi viatu unalivaa mguuni, lakini la mtu wa mafuta linaandikwa gazetini.

Mwaka huu, kila alipoinua ile chupa alikuwa akiniuliza, "Ima, rangi gani?" Nami hujibu, "Buluu, Baba." Naye husema, "Vizuri." Nilidhani ananipima mimi.

Basi siku moja madam Wariara, meneja wetu, alikuwa Nairobi, na mimi nilitumwa mjini kuchukua glavu mpya. Nikarudi kwa bodaboda ya Kamande. Tulipofika karibu na stoo nikasikia harufu ya mafuta ya taa. Nikatazama, nikaona pampu ya Baba imesimama ndani ya pipa lenye kibandiko cheusi, yaani Jeti, ingali inadondoka. Lori lililoleta mafuta lilikuwa limeliacha pipa hilo upande wa Avgas, na Baba alikwenda upande aliouzoea. Nikauliza ni ndege gani imejazwa. Mlinzi akaniambia ni ya rubani Bethwel, anawapeleka madaktari wawili wa mifugo Marsabit, na akanyoosha kidole. Ndege ilikuwa tayari mwisho wa uwanja, imegeuka, inanguruma.

Kaka, ndege ya Bethwel ni ya Avgas. Tangu nimjue haijawahi kunywa kitu kingine.

Nikamwambia Kamande, "Boss, pita katikati ya uwanja, twende pale mbele yake!"

Akasema, "Wee! Hapo ni pa ndege. Wataninyang'anya pikipiki."

"Kamande, watu watakufa!"

Sijui alisoma nini usoni mwangu. Aliikanyaga ile gia, tukaruka mtaro, tukaingia njia ya ndege. Ile ndege ilikuwa imeanza kuja. Nilivua sweta yangu nyekundu nikawa naipepea huku napiga kelele, na Kamande naye anapiga honi, ile honi yake ya kipuzi inayolia kama mtoto. Nilifumba macho, sitakuficha. Nilipoyafumbua, ndege ilikuwa imesimama imeinama pembeni, na vumbi limetufunika sote.

Bethwel alifungua mlango akafoka, "Immaculate, umerukwa na akili?"

Nikamwambia, "Umewekewa Jeti."

Alizima injini. Tukachota chini ya bawa. Ile buluu ilikuwa imepauka kama maji uliyosuuzia shati la shule. Tukadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas ingekauka na kwenda zake. Lile tone lilikaa, likatanuka, likaacha doa la mafuta kama la andazi. Daktari mmoja aliketi nyasini akaanza kucheka, na kabla hatujajua la kumfanyia, kicheko kikawa kilio.

Baba alikuja akitembea polepole, ameshika kofia mkononi, akauliza kuna shida gani. Bethwel akamweleza kwa heshima. Baba alikataa. Alisema aliangalia mwenyewe, ilikuwa buluu. Alisema hivyo mara nyingi, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

Sasa sikiliza jinsi mapenzi yanavyoweza kuua mtu. Bethwel alinivuta kando akaniambia mzee ni binadamu, lori ndilo lililochanganya mapipa, tumwage mafuta, tusafishe tangi, tunyamaze. Akawaomba wale madaktari wasimharibie mzee jina, nao wakakubali. Mlinzi akakubali. Nami nikakubali, Obura. Meneja aliporudi aliambiwa tu kwamba safari ilichelewa. Jioni Baba alipika ugali mwenyewe akaniita tule, tukala tukizungumzia bei ya omena, na kila mtu akaepuka macho ya mwenzake.

Lakini moyo wangu haukutulia. Jumapili iliyofuata tulikuwa zamu sisi wawili tu. Nilichota Jeti kwenye chupa, haina rangi hata chembe, nikamwendea Baba akiwa amekaa juani. Nikainua ile chupa nikamuuliza mimi, "Baba, rangi gani?"

Akaitazama. Akatabasamu, akidhani tunacheza ule mchezo wetu. Akasema, "Buluu, nyathina, mwanangu."

Nilienda nyuma ya stoo nikalia nikiuma kitambaa cha kichwa ili asisikie. Nilielewa yote. Siku zile zote hakuwa akinipima. Alikuwa akiazima macho yangu.

Sasa nikukumbushe ile siku ulipopiga simu, Baba akakuambia kuna mtu kazini amemchongea kwa meneja, amenyang'anywa ufunguo wa stoo na kutumwa akapimwe macho kama mtoto wa nasari. Unakumbuka maneno yako? Ulisema nikutafutie huyo nyoka, umjue kwa jina, nawe utakuja na basi la kwanza umwonyeshe. Nami nilikuwa nimekaa pale, nimeshika sufuria ya chai, nikasema, "Nitaulizauliza."

Kaka, huyo nyoka ni mimi.

Hakuna aliyenituma. Jumatatu asubuhi nilimngojea madam Wariara mlangoni kwake, nikamweleza kila kitu, ya Bethwel na ya ile chupa. Sikutaka kumwaibisha Baba. Niliwaza tu siku ambayo sitakuwepo, na Kamande hatakuwepo. Madam hakufoka. Alisema huyu mzee ndiye aliyempokea alipokuja hapa akiwa hajui hata pampu inashikwa wapi, kisha akainuka akaenda kumwambia mwenyewe. Hakumfukuza. Alisema akatibiwe kwanza. Tangu hapo mapipa ya Jeti yamehamishiwa stoo nyingine kabisa, pampu zake zimepakwa rangi nyeusi na za Avgas nyekundu, na midomo ya paipu imebadilishwa isilingane. Hakuna tena kujaza peke yako. Wawili wasome kwa sauti, na rubani asimame pale pale athibitishe. Hata Bethwel, ambaye zamani alikuwa akituachia ndege akaenda kunywa chai, sasa anasimama kama bwana harusi.

Baba hakuzungumza na mtu wiki nzima. Alikuwa akichukua sahani yake anaenda kula bandani kwa kuku. Nami nilikuwa nikimtazama dirishani bila ujasiri wa kumwambia. Uliniuliza siku moja kwenye simu mbona sauti yangu iko hivyo, nikasema ni mafua.

Tulimpeleka Nakuru kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema ukungu huo huja polepole mno hivi kwamba mtu huzoea, na buluu ni kati ya rangi anazozipoteza mapema. Wamefanya jicho la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa mbele yake. Alipepesa, akatazama dirisha, akatazama shati la daktari, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu mpaka nikaona haya. Akasema, "Ima, kumbe una mvi! Lini?"

Tulicheka sote, hata nesi. Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa, na hapo nikaona siwezi kumwangalia kwa jicho lile jipya nikiwa na uongo. Nikamwambia ni mimi niliyekwenda kwa meneja.

Akasema, "Ungeniambia mimi kwanza."

Nikasema, "Ungekataa, Baba."

Akafikiri. "Ningekataa," akasema.

Halafu akaniambia jambo ambalo ameniruhusu nikuandikie, maana anasema mdomo wake hautaweza kukuambia. Alijua. Tangu mwaka jana alijua macho yake yanafifia. Aliogopa kwamba akisema ataketishwa nyumbani, na tangu Mama atuache, nyumba ile mchana inamtisha. Akadhani akiwa na mimi kando hakuna baya litakalotokea. Aliniomba simu, akampigia Bethwel pale pale kwenye benchi, bila salamu ndefu. Alimwambia, "Kijana wangu, nusura nikuue, na nilijua sioni. Nisamehe." Sikusikia Bethwel alijibu nini, lakini Baba alisikiliza muda mrefu, akafuta machozi kwenye lile jicho jipya, nami nikamkumbusha daktari amesema asilisugue.

Harudi tena kwenye pampu, ameamua mwenyewe. Madam Wariara alimwambia ngoja jicho la pili lipone, lakini yeye akasema hapana, miguu na mikono nayo imechoka. Anakuja siku mbili kwa wiki kuwafundisha wapya. Sasa anaanza somo kwa kuwaeleza alichomfanyia Bethwel, yeye mwenyewe, wamesimama mbele yake na ndege nyuma yao. Mara ya kwanza sikuweza kukaa kusikiliza. Sasa nakaa.

Kwa hiyo usije na hasira, kaka. Ukiwa nazo, ziwe kwangu, nami nitazibeba. Lakini njoo. Jicho la kushoto litafanywa mwezi ujao shule zikifungwa, na Baba anataka uwepo. Juzi tukipalilia mboga alisema kitu ambacho sijakisahau. Alisema Krismasi uliyokuja, ulipoingia mlangoni na kumkumbatia, alikujua kwa sauti tu. Uso wako ulikuwa wingu. Alicheka nawe siku zote zile na hakukuona.

Njoo akuone.

Msalimie mwalimu mwenzako na watoto wa darasa lako. Mungu akulinde njiani, na usipande basi linalosafiri usiku.

Ni mimi dada yako anayekupenda, hata sasa unapoikunja barua hii kwa nguvu,

Immaculate Anyango