Hamna Hata Seli Moja ya Panya

Hosteli ya Watafiti,
Ghorofa ya Juu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji naye, goti lake limepata nafuu? Na wanao, bado wanakupandisha presha? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unaikumbuka ile jeni niliyokuchosha nayo kwenye simu? Ile inayotengeneza kinasi, protini inayoziamsha protini nyingine ndani ya seli zifanye kazi. Nilikuwa naiondoa kwenye seli za panya nione itakuwaje. Nikaona seli zinazaana bila kukoma, nikasema basi, jeni hii ndiyo breki. Shahada yangu yote ilisimama juu ya neno hilo.

Mwezi uliopita tukapima chupa zangu kabla ya kuchapisha matokeo. Hamna hata seli moja ya panya, Dada! Zote ni za uvimbe wa binadamu, zile anazofuga mwenzangu Kasuku kwenye kabati letu la joto. Hizo huzaana hata uzifanyeje. Zikiingia chupa ya mwenzio, hula chakula chote mpaka wenyeji waishe.

Kasuku unamjua kwa masimulizi yangu. Tumekula sahani moja, na mdomo wake haufungwi hata kwa kamba. Sheria ya maabara inataka kila aina ya seli iwe na chupa yake ya chakula, ila sisi kwa uvivu tulitumia moja. Akachovya humo pipeti, mrija wetu wa kunyonyea, ukiwa na seli zake. Hilo namsamehe, hata mimi ningeweza kulifanya.

Lisilomezeka ni kwamba aligundua tangu mwanzo wa mwaka. Akamwaga seli za panya alizokuwa nazo yeye pia, zilizochafuka, akaanzisha safi, akajitengenezea chakula chake, kimya! Mimi akaniacha nalisha uvimbe huku nawahubiria watu habari za breki. Kisha akarudia jaribio langu. Kumbe bila jeni ile seli za panya hazizaani kabisa; hukaa tu, mwishowe hufa. Alhamisi akalieleza hilo mbele ya wakubwa, profesa akampigia makofi. Mimi nimeambiwa nianze upya au nifungashe virago.

Nilimfuata kwenye sinki nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hata hakufunga bomba.

"Si ungeona mwenyewe, shoga? Darubini unayo."

Naanza upya, Dada, kabati lile lile, na yeye pembeni. Mama usimwambie, ameshawatangazia majirani shahada yangu. Nisalimie Shemeji, watoto, na Mjomba fundi saa.

Na darubini niliitumia, usidhani nilizembea. Mwezi Machi niliona seli zimebadilika umbo, nikaogopa, nikamwita yeye aje anitazamie. Akainama, akachungulia weee, akaniambia zimependeza.

Mungu akuepushe na kupendwa hivyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kweli.