Jogoo wa Mnadani

Mpendwa Mama Pudensiana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo, maana roho inaniuma mpaka chakula hakipiti. Mimi ni mama wa huku Momela, nafuga kuku wa kienyeji wa uzao wa tetea niliyepewa na marehemu mama yangu, hawaugui ovyo, baridi yetu ya Julai wanaijua, ila kwa nyama ndiyo hivyo tena, jogoo anakua taratibu mpaka mteja anasahau kama aliagiza. Sasa shemeji yangu ameoa Irine, msichana wa Lemara, naye kaja na kuku machotara wenye miguu kama mbuni, na tangu afike ni Irine, Irine, hata mama mkwe akipata wageni anawapeleka kuona banda la Irine, langu wanapita tu.

Kilichonimaliza ni sadaka ya mavuno. Irine alitoa jogoo, nami nikatoa jogoo, na kwenye mnada baada ya ibada wangu alichukuliwa na mzee wa kanisa kwa kunionea huruma, lakini wa Irine aligombaniwa, na aliyepandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza ni nani? Manase, mume wangu wa ndoa! Akamkumbatia yule jogoo njia nzima, akafika akaniambia, "Mama Godbless, mweke na mitetea wako." Mama, nilijisikia kama nimeletewa mke mwenza. Alipotoka tu nikamchinja, nikamkaanga, nikampakulia. Alikula, na mpaka leo habari za kuku hataki kuzisikia. Nimepata mtu wa kuwachukua kuku wangu wote Jumamosi, nataka nilete broila, wale wa kukua haraka, nimpite Irine kabla ya Krismasi. Je, nitakuwa nimekosea?

Mwenye Uchungu, Momela

Marahaba, Mwenye Uchungu. Pole. Kupitwa na wageni nyumbani ulikotangulia kuolewa kunauma, na mama mkwe wako hakutenda vema. Lakini na wewe! Mume amekununulia mbegu mbele ya usharika mzima, akaibeba mwenyewe, wewe ukaitia kwenye mafuta! Manase alitaka jogoo mwenye mwili awapande mitetea wako wagumu, vifaranga wapate nyama ya baba na afya ya mama. Ungemwuliza kabla ya kushika kisu.

Broila wanakua haraka, sikatai. Lakini wakiwa wadogo wanataka joto usiku na mchana, chakula cha dukani, na banda lisilopitisha upepo. Kwa ukungu huo wa Momela, na hasira hizo? Utawakuta wamelaliana kwenye kona, wamekufa, na uzao wa tetea wa mama yako umeshaliwa mjini. Huo huwezi kuununua tena popote.

Mpigie simu huyo mnunuzi leo, mwambie biashara haipo. Majogoo wako uza, mitetea wabaki. Kisha nenda kwa Irine kwa miguu yako, umwombe jogoo mwingine. Usiende mikono mitupu, mpelekee tetea mmoja hodari wa kuatamia, maana machotara wengi huacha mayai yapoe. Na mwambie ukweli, kwamba yule wa kwanza ulimchinja kwa wivu. Atacheka sana, nawe utatamani ardhi ipasuke. Vumilia. Atakupa.